Kizigeu

Nyumba ninamopanga hapa Donholm ilijengwa kwa ajili ya familia moja. Mwenye nyumba alipotaka wapangaji wawili, aliigawa sebule kwa plaiwudi, na mafundi wake wakaanza kupigilia misumari kabla sijahamisha vitabu vyangu. Vumbi la mbao lingali katika kurasa za kamusi yangu.

Nilikikumbuka kisa hicho nilipokusudia kuweka kizigeu kingine, safari hii ndani ya diski ya kipakatalishi changu. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu ni kuukuu mno kuweza kuipokea Windows 11. Nilitaka Linux, lakini si kwa kuifukuza Windows, kwa kuwa masahihisho ya msimamizi wangu hufunguka vyema humo. Nikaichagua Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Jina lake ni la Kizulu na Kixhosa, nalo ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatulitaji vya kutosha.

Jirani yangu, fundi wa kompyuta, aliitazama diski akauliza:

"Mwalimu, hizi sauti ziko wapi kwingine?"

Zilikuwa rekodi za mtambaji ngano mmoja ambaye amekwisha kufariki. Hazikuwa kwingine kokote.

"Basi leo hatugawi kitu."

Nikanunua diski ya nje, nikanakili usiku kucha. Fundi hakuridhika, aliniagiza nifungue nakala zenyewe na kuzisikiliza. Mbili zilikuwa zimekatika katikati. Nikazinakili upya.

Yaliyosalia yalikuwa mepesi. Tulihifadhi ufunguo wa kufungulia diski iliyosimbwa, tukakizima kipengele cha kuwasha haraka, ambacho huiacha Windows nusu usingizini, kisha tukaipunguza sehemu yake kwa zana yake yenyewe. Nafasi iliyopatikana tuliiacha tupu. Kazi hii tuliifanyia dukani kwake, penye betri ya akiba, maana ya kwangu ilikuwa imekufa, na umeme ukikatika wakati data inahamishwa, huenda faili zikaharibika.

Tulipoiwasha mashine kutoka kwenye flashi, programu ya usakinishaji iliuliza: isakinishwe kando ya Windows, au diski nzima ifutwe? Chaguo hizo mbili zilikaa jirani mno kwa ladha yangu. Niliyasoma maandishi mara tatu kabla ya kubonyeza.

Asubuhi yake orodha ilitokea ikiwa na majina mawili. Nikaingia upande wa Ubuntu, nikafungua rekodi ya kwanza. Mzee akakohoa, kisha akaniuliza kama kile kidude changu kinamsikia.