Krosi za Propela katika Land Rover Kuukuu

Wako watu wengi upande huu wa ziwa walio na motokaa kuukuu, nao huzitunza kadiri wawezavyo: hutia oili, hutazama maji, hujaza matairi upepo. Lakini kuna kitu kimoja chini ya gari ambacho ni wachache wanaoinama kukitazama, nacho ni krosi za propela. Nimeona yafaa niwaandikie wasomaji habari zake, hasa wale wenye Land Rover za zamani, kwa kuwa gari hizo zina jambo moja lililofichika ambalo laweza kuua mtu.

Propela ni lile bomba la chuma lizungukalo chini ya gari, ambalo hutwaa nguvu kutoka gia na kuipeleka katika difu ya magurudumu ya nyuma. Kwa sababu magurudumu hupanda na kushuka katika mashimo, bomba hilo haliwezi kufungwa kama kitu kimoja kigumu. Sharti lipate kukunjika huku na huku bila kuacha kuzunguka. Kazi hiyo ni ya krosi, kipande cha chuma chenye mikono minne mfano wa msalaba. Kila mkono umevikwa kikombe kidogo, na ndani ya kikombe mna vijiti vya chuma vyembamba kama sindano, vimesimama kuuzunguka mkono, vimelowa grisi.

Ufundi huu si wa jana. Wafaransa hata leo hukiita kiungo hicho kwa jina la Mtaliani Gerolamo Cardano, aliyekufa mwaka 1576. Mwingereza Robert Hooke alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1676. Kisha mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer akapewa hati ya ubunifu kwa kukitengeneza kifae motokaa, na wakati ule motokaa nyingi zilikuwa zikivutwa kwa mnyororo kama baiskeli.

Land Rover yetu ni ya mwaka 1978, ile ndefu. Mimi na mdogo wangu twaitumia kuchukua omena kutoka Osieko hata soko la Busia, na pamoja na magunia huketi akina mama wenye mali yao. Wasomaji watakumbuka jinsi ziwa lilivyojaa mwaka 2020 kupita kipimo chochote kilichopata kuandikwa, likafunika fuo za Bunyala. Miezi mingi tulipita majini, na maji ndiyo adui wa krosi: huingia katika vikombe, huondoa grisi, na sindano huota kutu.

Mwaka uliofuata gari likaanza kusema. Kwanza lililia kama ndege, tii, tii, tii, tulipokwenda polepole. Baada ya majuma machache kilio kikanyamaza, na mdogo wangu akafurahi. Mimi sikufurahi, maana sasa kila klachi ilipoachiliwa tulisikia mlio wa chuma kugonga chuma, na katika lami ya kuelekea Busia sakafu ilitetemeka miguuni. Nikainama, nikaona vumbi jekundu limezunguka vikombe vya krosi ya nyuma. Hilo vumbi ni sindano zenyewe zilizosagika.

"Kaka," akasema mdogo wangu, "bado inakwenda. Omena imeanikwa, wateja wanangoja. Tumalize juma hili kwanza." Maneno yake yalikuwa na uzito, kwa kuwa omena haingoji mtu, na siku mbili za kusimama ni hasara ya kweli. Hata hivyo nalimwita mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, ambaye alijifunza kazi hii chini ya malori ya Malaba.

Yule mzee hakubishana na mtu. Aliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, akaweka alama ya patasi katika kila kiungo, akafungua bolti nne za kila mwisho, akaishusha propela ya nyuma. Kisha akamwambia mdogo wangu, "Haya, kijana, vuta breki ya mkono kwa nguvu zako zote." Akavuta. Mzee akaondoa mawe, akatuamuru tusukume. Tulikuwa watu watatu tu, na gari likaondoka kama kwamba halina breki kabisa.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Katika motokaa nyingi breki ya mkono hushika magurudumu. Katika Land Rover hizi za zamani haishiki gurudumu lolote; dramu yake iko nyuma ya gia, pale inapofungwa propela. Breki hushika propela, na propela ndiyo ishikayo magurudumu ya nyuma. Basi krosi ikikatika gari limeegeshwa mlimani, breki ya mkono imekatika pamoja nayo, na mama aliyelala kivulini mbele ya gari hana habari. Mdogo wangu alisimama akitazama usukani kwa muda, kisha akaenda mwenyewe kuwaambia wateja kwamba hatuendi.

Naliifunga propela juu ya bodaboda nikaenda nayo Busia. (Ndiyo, katika mji uleule ambao watu wasema jina la bodaboda lilizaliwa, kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani.) Nalitaka kujaribu kikombe kipya katika tundu lake kabla ya kulipa. Duka la kwanza walinipa krosi katika boksi zuri lenye jina kubwa. Nalipovua kikombe nikakuta sindano zina nafasi katikati yake kama meno ya mzee, na kikombe kikaingia katika tundu kwa kidole gumba tu. Kikombe chema hakiingii kwa kidole. Duka jingine bei ilikuwa karibu mara mbili, nikalipa, na nikanunua mbili, kwa kuwa krosi ya mbele ilikuwa imekunywa maji yaleyale.

Kutoa za zamani kulichukua mchana mzima. Vipete vya kubana vilikuwa vimeshikwa na kutu, vikapigwa brashi na kulowekwa mafuta ya taa. Mzee alitia propela katika jiliwa, soketi ndogo upande mmoja ya kusukuma, kubwa upande wa pili ya kupokea kikombe, akakaza polepole. Katika kutia mpya alikuwa mpole zaidi. Sindano moja ikianguka chini ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho wake na kipete hakiingii. Mwenye haraka huchukua nyundo, na hapo huwa ameharibu krosi siku ileile aliyoinunua.

Zile alama za patasi nazo zilikuwa na kazi yake. Krosi moja ikikunjwa haizungushi sawasawa. Kwa pembe ya digrii 20, upande wa pili huzidi mwendo kwa kama asilimia 6 na kupungua vivyo hivyo, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kosa la kwanza, lakini kwa sharti kwamba uma za ncha mbili za bomba zielekee upande mmoja. Propela hutengana katikati, penye meno ya kuteleza. Ukiirudisha umeruka meno machache, makosa mawili hujumlika badala ya kufutana, na krosi mpya hufa upesi. Nimeona gari zinazotetemeka miaka miwili na wenyewe wanalaumu matairi.

Tulirudisha yote siku ya pili jioni, kwa nati mpya za kujifunga, kwa spana za inchi, maana za milimita hula pembe za nati. Mzee akapiga grisi mpaka ikatokeza kidogo kandokando ya vikombe, akavuta breki, akatuamuru tena tusukume. Halikusogea.

Asubuhi tukaenda Busia na magunia pungufu, kwa kuwa wateja wawili walikuwa wamekwisha pata gari jingine. Tulipofika, mdogo wangu aliingia chini ya gari kabla ya kushusha mzigo, akajaribu nati zote nane kwa spana. Mbili zilikaza robo mzunguko.