Kazi ya Mlezi

Nilipochaguliwa kwenda sekondari nilipewa fomu ya kujaza. Palipoandikwa "kazi ya mlezi" niliandika mkulima. Babu alikuwa amekaa pembeni ananoa kotama yake, hakuuliza nimeandika nini. Si kwamba nilidanganya kabisa, maana alikuwa na mihogo nyuma ya nyumba. Lakini ada, sare na godoro langu la bweni vilitoka juu ya minazi kumi na minne. Babu alikuwa mgema.

Kwetu ni Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji wa Bagamoyo. Watalii hupita kwenda kwenye magofu, wakaona mabaki ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara, wakapiga picha mikoko, wakaondoka. Nyumba ya babu iko kabla ya hapo. Alfajiri, baada ya kusali, alifunga kibuyu kiunoni, akachomeka kotama na kupanda kwa vipandio alivyovichonga mwenyewe kwenye shina. Juu huko kazi ni ya taratibu. Unachagua karara ambalo halijapasuka, unalifunga kamba, unalikata ncha, unaliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka likubali kutazama chini. Kisha asubuhi na jioni unakwenda kulipunguza kipande chembamba kama karatasi, ili jeraha lisizibe na utomvu uendelee kudondoka. Ukikata kipande kinene, karara linakwisha kabla ya wakati wake. Na karara linalogemwa halizai nazi. Kila mwezi babu alikuwa anaamua mnazi upi utupe nazi na upi utupe tembo, na bibi alikuwa haafiki.

Yeye mwenyewe hakuwa anakunywa. Ijumaa alikaa safu ya nyuma msikitini, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia akae huko.

Darasa la tano mwalimu alitufundisha methali. Alipofika "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," darasa zima liligeuka kunitazama. Nikacheka pamoja nao. Siku hiyo nilipita njia ya ufukweni kurudi nyumbani, ili nisikutane na wateja wa babu waliokaa chini ya mwembe na vikombe vyao vya plastiki.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, mhadhiri alitupa somo kuhusu urithi wa dunia. Akaweka ukutani picha ya kijiji kinachoitwa Saint-Saphorin, pembeni mwa Ziwa Léman, Uswisi, upande wanaozungumza Kifaransa. Nyumba zimebanana, mlima umekatwa ngazi ngazi kwa kuta za mawe, na kila ngazi ina mizabibu inayotazama maji. Eneo lote, linaloitwa Lavaux, liliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2007. Mhadhiri akaeleza kwamba watawa walikuwa wakilima mizabibu huko tangu karne ya 12, na kwamba kinachohifadhiwa si kuta peke yake bali pia kilimo chenyewe na watu wanaokiendeleza. Kisha akauliza: nani hapa anatoka kijiji kinachoishi kwa mvinyo?

Mwenzetu wa Dodoma alinyoosha mkono akazungumzia zabibu za kwao. Mimi nilikuwa naangalia daftari. Ningesema tembo, nusu ya darasa, wale wa bara, wangedhani namaanisha mnyama.

Usiku ule nilipekua habari za Bagamoyo. Imo kwenye orodha ya kusubiri ya UNESCO tangu 2006, kwa ajili ya njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Ni haki yake. Wamo pia mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa, waliofungua misheni mwaka 1868. Mkuu wao, Antoine Horner, alikuwa mzaliwa wa Alsace, nchi ya mizabibu. Shamba la misheni lilijaa minazi. Napenda kufikiri kwamba mara ya kwanza alipomwona mtu juu ya mnazi na kibuyu chake, Padre Horner hakuhitaji kuelezwa.

Tofauti ni kwamba mvinyo wa Lavaux unaweza kuingia kwenye pipa na kungoja. Tembo halingoji. Asubuhi ni tamu, watoto huonjeshwa. Jioni ni kali. Likilala siku mbili tatu linaelekea kuwa siki. Huwezi kulisafirisha mbali wala kumwekea mjukuu chupa ya mwaka aliozaliwa.

Mwezi wa sita nilirudi nyumbani na dodoso la utafiti wangu. Minazi kumi na minne ilikuwa imebaki mitatu. Mingine ilikufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umemaliza minazi mingi ya pwani hii: nazi changa zinapukutika, makuti yanageuka manjano, kichwa kinaanguka, linabaki shina kama nguzo ya umeme. Na babu hapandi tena. Miaka mitatu iliyopita aliteleza, akavunjika nyonga. Mitatu iliyobaki inagemwa na kijana wa jirani, wanagawana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekonda. Huko chuoni hawali?"

Nilimweleza kwamba naandika tasnifu kuhusu wagema, na kwamba nataka kuanza na yeye. Akacheka, kisha akaona sicheki, akanyamaza. Tukaanza: jina, umri, miaka aliyoishi kijijini. Swali la nne lilikuwa kazi. Nilishika kalamu, nikamtazama.

"Andika mkulima," akasema. "Si ndivyo unavyoandikaga?"

Bibi, aliyekuwa anakuna nazi mlangoni, akaacha kukuna. Kijana wa jirani alikuwa juu ya mnazi wa pili, raundi ya jioni, na kotama yake ilisikika mpaka pale tulipokaa.

"Huyo anakata vinene," babu akasema, macho juu. "Mwambie apunguze."

Nikainuka kwenda kumwambia.