Mshale wa Trimu

Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona, na kwetu Mtwapa, sisi tunaowapeleka wageni kuvua sulisuli, riziki ilikatika siku hiyo hiyo. Boti ninayoiendesha si yangu. Mwenyewe anakaa Nairobi, mimi ni nahodha wake. Tuliifunga kwenye boya ndani ya hori, mshahara ukawa nusu, baadaye ukawa ahadi. Ndege zilirudi Agosti, lakini simu za wageni zilianza kulia matlai ikielekea kwisha. Ndipo tulipoiwasha boti tukakuta geji ya trimu haishikiki.

Ni boti ya stendraivu. Injini imo ndani, huku tezi, na mguu wenye rafadha uko nje, umening'inia kwenye ubao wa tezi kwa bawaba. Mtindo huu uliingia sokoni mwaka 1959, Volvo Penta ilipouza ubunifu wa Mmarekani Jim Wynne, na wengine wote wakaufuata: mguu hugeuka kushoto na kulia badala ya usukani wa ubao, na haidroliki huuinua na kuushusha. Kuinua na kushusha huko ndiko trimu. Mguu ukishuka, omo hulala. Ukiinuka, omo hupanda na boti huteleza juu ya maji. Ukizidi kuinuka, rafadha huvuta hewa, injini ikalia na boti isiende. Aliyeshika usukani hauoni mguu. Anaona mshale tu.

Mshale wetu ulipanda, ukaanguka, ukalala, kisha ukafufuka wenyewe. Wenzangu walinishauri niendeshe kwa sikio. Ndani ya hori, maji yakiwa shwari, sawa. Lakini unaporudi kupitia mlango wa miamba, mawimbi yakikusukuma kutoka nyuma, ukadhani mguu umeinuka kumbe umeshuka, omo huchimba maji na boti ikageuka ubavu. Sikukubali kubeba roho za watu namna hiyo, na mpaka leo sikubali.

Fundi wa kwanza alisema mguu wote ufunguliwe na vipuri viagizwe ng'ambo. Mwenye boti aliposikia bei alinipigia usiku. "Nahodha, hii naiuza. Nivumilie." Mama watoto alikuwa kando yangu, akasikia kila neno. Karo ya binti yetu tulikuwa tunadaiwa tangu shule zilipofungwa.

Asubuhi nilimwendea mzee mmoja anayetengeneza redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Nikamweleza habari ya mshale. "Mguu wenyewe unapanda na kushuka?"

"Unapanda vizuri."

"Basi pampu ni nzima na mafuta yapo. Usifungue kitu. Geji ni mpokea barua tu. Anza kwake, urudi nyuma mpaka kwa mwandishi." Akanipa mita yake na kunifundisha kusoma volti na omu.

Nyuma ya geji kuna ncha tatu: moja ya umeme wa swichi, moja ya ardhi, moja ya waya unaotoka kwa senda, yaani yule mwandishi wa barua. Niliwasha ufunguo, mita ikasoma volti kumi na mbili kati ya umeme na ardhi. Nikauchomoa waya wa senda, mshale ukakimbilia mwisho mmoja. Nikaigusisha ncha ile na ardhi, mshale ukaruka mwisho wa pili. Geji haikuwa na kasoro. Nilikaa pale sakafuni nikamshukuru Mungu kwa sauti, maana kipuri kimoja kilikuwa kimetoka kwenye orodha ya yule fundi.

Kilichobaki kilikuwa huko tezi, majini. Tulingoja bamvua, maji yalipojaa tukaisogeza boti mchangani mguu ukiwa juu, na yalipokupwa ikakaa. Kijana wangu wa sitaha akachimba shimo chini ya mguu ili uweze kushuka mpaka mwisho wake. Ilibidi twende haraka, bahari haikopeshi muda.

Senda yenyewe ni kidude cha mviringo ubavuni mwa mguu, penye bawaba. Mguu ukiinuka nayo huzungushwa, na ukinzani wake hubadilika. Nilichomoa plagi yake ndani ya boti nikaunganisha nyaya mbili zinazokwenda kwenye dashibodi. Mshale uliruka. Kumbe njia yote mpaka kwenye geji ilikuwa salama! Nikaweka mita kwenye nyaya za senda, kijana akainua mguu polepole. Omu zilipanda taratibu, kisha mita ikasoma kana kwamba waya haupo. "Simama hapo hapo, mwanangu." Nikautikisa waya pale unapojikunja kuingia kwenye ubao wa tezi. Namba zikarudi. Nikautikisa tena, zikapotea.

Nje waya ulionekana mzima. Nilipouchana, shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani na kukatika. Waya ule hukunjwa kila mguu unapogeuka na kila unapoinuka, na chumvi ikishapata ufa haitoki. Tulikata sehemu iliyooza, tukalehemu kwa risasi, tukavika mpira wenye gundi ndani unaonywea kwa moto. Kiungo cha waya mahali pa maji hakidumu, hilo nilimwambia mwenye boti waziwazi, naye akakubali kuagiza senda peke yake. Mguu wote haukufunguliwa.

Senda mpya ilipofika tuliifunga siku ya bamvua nyingine. Mguu ukashushwa mpaka mwisho, tukalegeza skrubu mbili, tukaizungusha senda taratibu mpaka mshale ukakaa chini kabisa, tukakaza. Kaskazi ilikuwa imeshatulia na sulisuli walikuwa wanapita.

Boti haikuuzwa. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 binti yangu alirudi darasani. Mzee wa redio nilimpelekea nguru mzima pamoja na mita yake. Nguru alimpokea, mita akanirudishia.