Tupime maji ya Bukama

Ukishuka treni kule Bukama, pale reli ilipofika mwaka 1918, telemuka mpaka kwenye matete ya Lualaba. Beba wavu mdogo na beseni nyeupe. Vaa buti: bilharzia ya konokono inaingia kwa ngozi.

Piga wavu chini ya majani mara tatu, mwanga ndani ya beseni, ngoja matope itulie. Hesabu watoto wa kereng'ende, hesabu funza wekundu, andika, kisha rudisha wote majini.

Ukipata kambale, usifurahi mbio: yule anapumua hata hewa ya juu. Wadudu wadogo ndio mashahidi. Rudia palepale kila mwezi. Siku wanabakia wale wekundu tu, mujue hewa imepunguka ndani ya maji.

Na hata wakiwa wengi, mama, chemsha maji ya watoto.