Vidanje kila kilomita ngapi? Barabara zetu zina hesabu yao

Wasikilizaji wetu wa Bunia, na ninyi ndugu mlio kwenye kambi za wakimbizi wa vita, swali hili limefika redioni mara nyingi, basi leo naliandika ili kila mtu alisome polepole. Pikapu inayotumia mafuta ya moteri ya sintetiki ifanyiwe vidanje kila kilomita ngapi?

Kuna watakaosema mwandishi wa habari anatafuta nini ndani ya garaji. Mimi kazi yangu yote iko juu ya pikapu. Nikienda Komanda, Kasenyi au Iga Barrière, napanda nyuma pamoja na magunia ya makala, kuku waliofungwa miguu na mama wenye watoto mgongoni. Pikapu ndiyo inayopeleka mgonjwa hospitali. Siku ya kukimbia, pikapu ndiyo inayobeba magodoro na sufuria. Moteri ikifa njiani, hiyo si habari ya dereva peke yake.

Mwaka jana, familia chache za wakimbizi walichanga pesa kukodi pikapu ili kuleta maharagi kutoka mashamba yao ya zamani. Nilikuwa pamoja nao kwa ajili ya kurekodi. Wakati wa kurudi, saa kumi jioni, tulisikia moteri inagonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya debe, kisha kimya. Dereva alivuta kile kijiti cha kupimia mafuta: kilitoka na utomvu mweusi, mzito, kwenye ncha tu. Tulikuwa watu kumi na wanne. Kila mtu anayejua barabara zetu anajua maana ya kushinda njiani jua likizama. Tulitembea hadi kijiji cha karibu, wamama wakiwa na maharagi kichwani kadiri walivyoweza, na tulilala chini ya veranda ya kanisa. Magunia yaliyobaki ndani ya gari, asubuhi hatukuyakuta. Kwa zile familia, hayo yalikuwa mavuno ya msimu mzima.

Nilimwuliza dereva vidanje ya mwisho ilikuwa lini. Akanijibu, «Kaka, haya ni sintetiki, yanaenda kilomita elfu kumi na tano.»

Jibu hilo nimelisikia kwa madereva wengi. Na kwa mafundi wengi nimesikia kinyume chake: rudi kila kilomita 2,000, hata kama mafuta ni ya bei gani. Mmoja anataka kutunza pesa, mwingine anaishi kwa vidanje, na mimi sikumwamini yeyote kabla ya kusoma vitabu vya magari yenyewe. Kwa pikapu nyingi za mazutu, kitabu kinaandika kilomita 10,000 au miezi kadhaa, kile kinachofika kwanza. Lakini endelea kusoma, usifunge kitabu hapo. Mbele kidogo kuna sehemu ya gari linalofanya kazi ngumu: barabara za vumbi, mzigo mzito, mwendo mfupi mfupi, moteri kuwaka huku gari limesimama. Kwa gari la namna hiyo muda unakatwa nusu, unakuwa 5,000. Nilipoisoma sehemu ile nilicheka. Ni kama aliyeandika alikuwa amesimama soko kuu la Bunia mwezi wa pili, vumbi jekundu likimpiga usoni.

Kuna mzee mmoja fundi, hapa Mudzipela, aliyenifundisha hesabu ninayoiona bora kuliko zote. «Papa, mafuta hayajui kilomita,» aliniambia, «yanajua saa.» Tuifanye pamoja. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye lami linamaliza kilomita 10,000 kwa saa 200 za moteri. Sasa chukua barabara ya taifa nambari 27, Bunia hadi Mahagi, kilomita karibu 180. Wakati wa mvua nimewahi kutoka saa kumi na mbili asubuhi na kufika saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni kilomita 15 kwa saa. Saa 200 kwa mwendo huo ni kilomita 3,000 tu! Dashibodi inakuambia gari bado jipya kwenye mafuta, kumbe moteri imekwisha kufanya kazi ya kilomita 10,000 za lami. Ongeza muda wa kungoja msafara na kusimama kwenye bariera, ambapo dereva haizimi moteri kwa sababu betri yake imechoka na anaogopa haitawaka tena.

Basi msimamo wangu ni huu. Pikapu inayozunguka mjini na barabara nzuri kidogo: kilomita 5,000 au miezi 6, usipite hapo, hata kama mafuta ni sintetiki halisi. Pikapu ya mzigo ya njia ndefu, wakati wa mvua au wa vumbi kali: kilomita 3,000. Filtri ya mafuta ibadilishwe kila mara, maana kumwaga mafuta mapya juu ya filtri chafu ni kuvaa shati safi bila kuoga. Na kijiti kivutwe kila asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na moteri baridi. Hata hapo kwenye 3,000, sintetiki ina faida yake: inavumilia joto kuliko mafuta ya kawaida, na hiyo ni nafuu kubwa kwa moteri yenye turbo inayopanda mlima na mzigo.

Lakini ni sintetiki kweli? Hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Bido ina chapa nzuri, ndani kuna mafuta ya kawaida, au mafuta yaliyotumika na kuchujwa. Angalia muhuri wa kizibo kama haujaguswa. Nunua kwa mtu utakayemkuta palepale wiki ijayo. Kisha, baada ya kumwaga, toboa bido tupu kwa msumari mbele ya fundi, kwa sababu kuna watu wanaonunua bido tupu zenye chapa ili wazijaze tena. Kama huna hakika na mafuta, yahesabu kuwa ya kawaida na uyabadilishe kwa 3,000. Kwa pikapu ya zamani isiyo na turbo, mimi ningenunua mafuta ya kawaida mazuri ya 15W-40 yanayofaa mazutu na kuyabadilisha kwa wakati, kuliko kulipa mara mbili kwa jina. Bunia hatuna baridi ya barafu.

Jambo moja linalowasumbua wengi: rangi. Katika moteri ya mazutu, mafuta kuwa meusi baada ya siku chache ni kawaida, ni masizi yanayoshikwa na mafuta. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa. Hayo ni maji yameingia, na hapo usiwashe gari tena.

Nimalize na wale wa kambi, Kigonze na kwingineko. Hilux ya mazutu inatoa lita 6 au 7 hivi za mafuta machafu kwa kila vidanje, na najua wamama wanayaomba garaji ili kupaka miti ya nyumba dhidi ya mchwa. Mkipaka, vaeni mfuko wa plastiki mikononi, mbali na visima na na mahali watoto wanapocheza. Msiyapake mtoto mwenye upele, hata kama jirani anasema mbuzi wake alipona. Yana metali na sumu zinazopenya ngozini. Na bido iliyobeba mafuta ya moteri isibebe maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia, hata ikioshwa kwa mchanga na sabuni mara kumi.

Tena, mnapochanga pesa za kukodi pikapu, mwulizeni dereva vidanje ilikuwa lini na kwa kilomita ngapi, na mwombeni avute kijiti mbele yenu kabla ya kupakia. Ninyi ndio mnaolipa. Madereva wawili ninaosafiri nao wameanza kuandika tarehe na kilomita kwa makala ndani ya mlango, upande wa abiria, ili kila mtu aone. Maswali ya filtri ya hewa yamekuwa mengi pia. Hayo nitayajibu redioni Jumamosi, baada ya habari za jioni.