Buluba: Makao ya Wenye Ukoma Karibu na Ziwa

Wakati tulipokuwa watoto hapa Kolwezi, miaka ya 1980, kikombe kimoja cha bati kilitundikwa peke yake kwenye msumari nyuma ya jikoni. Mgeni akitaka kukikamata, mama alimkataza: "Ile hapana, iko ya mama mukubwa." Dada yake mama alikuwa ameugua ukoma. Alimeza dawa zote, munganga akamwambia amepona. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kupunguka, nasi tuliendelea kumtenga kwa chakula. Alikula peke yake mpaka alipokufa. Kwa sababu hakulalamika, tulidhani haumii.

Nilimkumbuka sana siku nilipofika Buluba.

Buluba iko Uganda, katika inchi ya Wasoga, karibu na Ziwa Victoria. Ukitoka Kampala unavuka mto Nile kwa Jinja, unafuata barabara ya Iganga, kisha unaiacha na kushika upande wa ziwa. Sisi tuliozoea vumbi na vilima vya udongo wa migodi, macho yetu yanapumzika kule: migomba, miwa, majani mabichi kila mahali. Hospitali inaitwa kwa jina la Mtakatifu Fransisko. Leo mwenye malaria, mama wa kuzaa, mtoto aliyevunjika mkono, wote wanaingia humo. Mgeni asipoambiwa hawezi kujua mahali hapa palianza namna gani.

Palianza mwaka wa 1934. Mama Kevin, mtawa wa Ireland aliyefika Uganda mwaka wa 1903, alikuwa amekwisha kufungua makao ya wenye ukoma kule Nyenga mwaka wa 1932. Kisha akafungua Buluba. Tusijidanganye kuhusu makao ya siku zile: yalikuwa mahali pa kukaa, mara nyingi mpaka kifo. Dawa ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, sindano yenye uchungu mwingi na faida kidogo. Armauer Hansen wa Norwe alikuwa ameona kijidudu cha ukoma tangu 1873, lakini kukiona na kukiua ni mambo mawili. Aliyepelekwa kule, jamaa yake walimlilia kama maiti.

Mwaka wa 1951 akafika Wanda Błeńska, daktari mwanamke kutoka Polandi, mwenye miaka 40 hivi. Alifika wakati mzuri, kwa sababu dawa ya dapsoni ilikuwa imeanza kuenea. Sasa mgonjwa aliweza kupona. Lakini nani atamgusa? Doktere Błeńska aliwapima watu kwa mikono mitupu, bila glavu, mbele ya wote. Hakufanya hivyo kwa ushujaa wa bure. Alijua kwamba ukoma hauambukizi kwa kushikana mikono, tena watu wengi kabisa, hata kijidudu kikiwaingia, miili yao inakishinda. Alitaka wauguzi waone, na ndugu za wagonjwa waone. Akafungua pia masomo, na Buluba ikawa mahali pa kufundisha waganga na wauguzi habari za ukoma. Wakati wa Idi Amin, 1971 mpaka 1979, wageni wengi walikimbia. Yeye alibaki. Alifanya kazi kule miaka zaidi ya 40, akafa Polandi mwaka wa 2014 akiwa na miaka 103.

Hapa niseme jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua nikiwa mtu mzima. Ukoma hauli vidole. Unaua mishipa ya kusikia. Mtu anashika chungu cha moto hasikii, anakanyaga msumari hasikii, anatembea na kidonda siku nyingi. Kidonda kinaoza, na hapo ndipo mfupa unapotea. Kwa hiyo kazi kubwa ya mahali kama Buluba haiishii kwa vidonge. Mtu anafundishwa kutazama nyayo zake kila jioni, kuloweka ngozi kavu kwa maji na kuipaka mafuta, kushika sufuria kwa kitambaa. Anahitaji viatu vyenye nyayo laini, vilivyopimwa kwa mguu wake. Ni kazi ya maisha. Mama mukubwa hakupewa viatu vya namna hiyo. Alivaa kandambili za soko, tena za namba isiyo yake.

Tangu 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri dawa zitolewe kwa mchanganyiko. Miezi 6 kwa mwenye ugonjwa mdogo, miezi 12 kwa mwenye ugonjwa mwingi, nazo hutolewa bure. Mtu anazimeza akiwa kwake, anakwenda shambani, watoto wake wako naye, na baada ya siku chache tu za kumeza haambukizi tena. Njo maana makao ya zamani yaligeuka kuwa hospitali za watu wote.

Kwetu Kongo ugonjwa huu haujakwisha. Kila mwaka wanapatikana wagonjwa wapya kwa maelfu, na watoto wamo. Vijana, ninyi munaochimba, sikilizeni: baka jeupe-jeupe au jekundu kwenye ngozi, lisilowasha wala kuuma, hata ukiligusa kwa pamba husikii, si chawa wala uchawi. Na mguu ukitobolewa na jiwe bila uchungu, usijisifu kuwa una mwili mugumu. Nenda dispensere.

Niliporudi nilimueleza mama niliyoyaona kule: mganga aliyewashika watu mikono, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzee. Alinyamaza sana. Halafu akauliza, "Na bao, baliporudi kwabo, balikula na batu?" Nikamwambia wengine ndiyo, wengine hapana.

Kikombe kingali kwetu. Mama amekitoa msumarini na kukipanga pamoja na vingine, lakini mpaka sasa sijaona mtu aliyekinywea.