Mti wa vikopo katika kilasi cha biolojia

Wengi wanapita ku dirisha letu na kuuliza: ni kweli ule mti unakula nyama? Wengine wanasema ni uchawi. Hapana, si uchawi. Jina lake ni Nepenthes. Mfaransa Flacourt alieleza habari zake mwaka 1658 katika kitabu juu ya Madagaska. Hapa Congo hauoti porini, lakini tuko na ndugu yake wa mbali, Drosera, yenye majani ya kunata. Moja inaitwa hata katangensis, kwa jina la Katanga yetu.

Ncha ya jani inarefuka kama kamba, kisha inavimba, inakuwa kikopo chenye kifuniko. Mdudu anafuata utamu ku mdomo wa kikopo. Mdomo ukilowa unateleza, naye anaanguka ndani ya maji na kuyeyuka polepole. Mti unafanya hivi juu udongo wa kwao ni maskini sana.

Kwa hiyo mti huu unawashinda watu wenye bidii ya kupita kiasi. Mbolea inachoma mizizi yake. Bukari ndani ya kikopo (kuna wadogo fulani walijaribu!) inaoza, na kikopo kinakuwa cheusi. Sisimizi wanaojipeleka wenyewe wanatosha. Tumeupanda katika mchanga mkubwa wa mtoni, maganda ya miti na makala yaliyopondwa, maji yapate kupita mbio. Uko karibu na dirisha, lakini jua kali la saa sita haliufikii.

Shida kubwa ni maji. Maji ya bomba mara nyingi yana chumvi na chokaa, na mti huu hauvumilii. Unataka maji ya mvua. Sasa, hapa Lubumbashi mvua inakatika mwezi wa tano, inarudi karibu na mwezi wa kumi, na hewa inakauka mpaka midomo yetu inapasuka. Hewa ikikauka hivyo, majani yanaendelea kutoka lakini vikopo havitokei. Tunaufunika na plastiki nyeupe usiku na mchana, tukiacha tundu kidogo.

Wakaaji wa internati walilalamika: kwa nini mti unywe maji ya mvua ya pipa, na sisi ya bomba? Neno hilo si la kuchekelea. Tulipiga hesabu mbele yao: lita moja kwa siku tatu, miezi mitano ni lita 50. Bidoni tatu za lita 20 zinatosha, na zimekwisha kujazwa kabla ya mvua kukatika. Pipa halitaguswa tena.

Inabaki likizo kubwa. Juma mbili bila mtu, mti utakufa. Wenye kubaki karibu na masomo waandikishe majina kwa mwalimu wa biolojia mbele ya mitihani. Ufunguo wa kilasi utabaki kwa mlinzi.